Bosi karudi semina na RBI, anataka tupunguze nusu ya ukaguzi wa vyombo vya presha. Wakuu hebu njooni hapa

FundiBaridi

Wakuu mwadila, poleni na jua. Mimi ni fundi mitambo ya baridi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, jina naliacha maana ugali wa watoto unatoka humo humo. Tunatumia amonia, ile gesi ya kupozea yenye sumu. Tuna risiva (tangi la kutunzia amonia) kubwa ya upande wa presha, mbili za upande wa baridi, chila ya kupozea maji, blasti friza nne za kugandishia samaki, kondensa (ya kugeuza gesi kuwa kimiminika) juu ya paa, boila ndogo ya maji moto ya kuoshea, na mitungi ya upepo ya kompresa. Ukihesabu vyombo vya presha vyote ni 23, mabomba sijahesabu.

Miaka yote utaratibu wetu ni ule ule, mwezi wa ukaguzi ukikaribia tunapaka rangi, tunabadilisha geji zilizopasuka kioo, mkaguzi anakuja anazunguka anaandika, maisha yanaendelea. Sasa wiki iliyopita bosi karudi kutoka semina Dar na neno jipya mdomoni, RBI (Risk-Based Inspection), kila kikao RBI. Nilivyomwelewa ni kwamba ukaguzi upangwe kwa kufuata hatari ya kila chombo, sio kila kitu sawasawa kila mwaka. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi uko kwenye kilichofuata, eti "kwa hiyo mwaka huu tunapunguza nusu". Kanipa karatasi yenye majina ya matangi niandike hatari kubwa, ya kati au ndogo, mwisho Ijumaa. Leo siku ya tatu naikodolea macho tu. Tangi ambalo halijawahi kuvuja naandika ndogo? Lenye kutu kwa nje naandika kubwa? Nisaidieni, msije na matusi.

SatoMzima

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Bosi akitoka semina cha kwanza ficha kalenda.

MzeeWaGeji

Mdogo wangu, bosi wako kasikia nusu ya somo, nusu ya pili nadhani ilimkuta kwenye chai. Nimekagua mitambo ya presha miaka mingi, mingine nje ya nchi kwenye mafuta, sasa nipo zangu Buhongwa nafuga kuku, nina muda, ngoja nikueleze taratibu.

Jambo hili lilikomaa kwenye viwanda vya kusafisha mafuta, Wamarekani wa API (taasisi yao ya mafuta) wakaliandikia mwongozo wao namba 580 mwaka 2002, halafu kuna mwenzake 581 wenye mahesabu mazito. Usitishwe na namba hizo, kiini chake hata mama ntilie anakijua. Hatari ni vitu viwili unavizidisha, uwezekano wa kitu kupasuka au kuvuja, mara madhara yake kikishapasuka. Chombo kinaweza kuwa kibovu sana na hatari yake ikawa ndogo kwa sababu ndani ni maji baridi tu na hakuna anayepita karibu, na kingine kikawa kizima kabisa kwa macho lakini kimebeba tani za amonia nyuma ya ukuta wa wasichana wanaokata minofu. Sasa nani kati ya hao wawili anastahili pesa yako ya ukaguzi?

Kwa hiyo "halijawahi kuvuja" sio jibu. Hata gari lililopinduka jana juzi yake lilikuwa halijawahi kupinduka. Swali la kwanza kwa kila chombo ni hili: HIKI KITAKUFAJE? Kutu ya ndani? Kutu ya nje chini ya koti (lile povu na bati la kuzuia joto)? Ufa kwenye mshono wa welding? Kutikisika? Ukishajua kinavyokufa ndio unauliza kinakufa kwa kasi gani, na mimi nimeangalia mara ngapi kwa kifaa kinachoweza kuona kifo cha aina hiyo. Hapo kwenye kifaa ndipo wengi tunadanganyana. Kipima unene cha ultrasoniki ni kizuri kwa kutu, lakini ufa hakiuoni, utapata milimita 12 safi kabisa huku pembeni mshono una ufa. Na risiva ya amonia yenye presha ugonjwa wake mmojawapo ni huo huo wa nyufa, hasa mfumo ukiwahi kufunguliwa ukaingiza hewa. Oksijeni kidogo ndani ya amonia kavu, pamoja na chuma chenye mkazo kwenye mishono, basi nyufa zinaanza taratibu. Ajabu ni kwamba maji kidogo tu ndani ya amonia, kama asilimia 0.2, hupunguza sana tatizo hilo.

Na kitu cha mwisho kwa leo. Ukiwa huna rekodi, usiandike ndogo. Kutojua kunapandisha uwezekano, hakuushushi.

FundiBaridi

Mzee shikamoo, hapo kwenye kutojua umenigusa maana nikisema ukweli vyombo 23 vyenye karatasi za vipimo vya unene ni 6 tu. Vingine vina rangi nzuri.

MhasibuNyakato

Wataalamu mnapenda sana kututisha. Mimi nipo upande wa hesabu kwenye kiwanda kingine, na nasema bosi wa huyu jamaa sio mjinga. Kila mwaka tunasimamisha uzalishaji siku kadhaa, mnafungua mnafunga, ripoti inarudi imeandikwa "hali ni nzuri" chombo kwa chombo kama mtu kakopi na kupesti. Sasa nalipia nini? Bajeti ni ile ile, ukiigawa kwa vyombo 23 kila kimoja kinapata kufutwa vumbi. Bora pesa ile ile niimwage kwenye vitano nijue kweli kweli vina nini.

MzeeWaGeji

Mhasibu umeieleza RBI kuliko bosi aliyeenda semina. Ndivyo ilivyo, pesa ile ile, inahama. Wenyewe husema kwenye kiwanda hatari nyingi hubebwa na vyombo vichache. Tofauti yako na bosi wa huyu kijana ni kwamba wewe umesema "nihamishe", yeye amesema "nipunguze". Inawezekana mwishoni jumla ikapungua, inawezekana pia ikapanda mwaka wa kwanza kwa sababu mnakusanya taarifa ambazo hamkuwahi kuwa nazo.

Na sheria msiisahau. Ile Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, haijui bosi kaenda semina gani. Ukaguzi wa kisheria wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama kazini) upo pale pale, RBI unaijenga juu yake, huwezi kuitumia kushuka chini yake.

MamaBoila

habari zenu, mimi naendesha boila kinu cha mafuta ya pamba tunachoma pumba, nimesoma uzi wote nataka niulize kitu, haya mahesabu yenu ya miaka na milimita mbona kwangu hayakai. boila yangu inaweza kufa USIKU WA LEO. bomba la maji ya kulishia likikaba na mtu wa zamu kalala, maji yanashuka chini ya mirija chuma kinakuwa chekundu halafu mtu anashtuka anafungulia maji ya baridi juu yake, hapo ni mlipuko hakuna cha kutu. hiyo mtaipangia ukaguzi wa mwaka gani?

MzeeWaGeji

Dada yangu hilo swali ningelipata darasani ningempa mtu cheti hapo hapo. Ukaguzi wa unene na nyufa unashika hatari inayokua polepole, kutu, uchovu wa chuma. Maji kupungua kwenye boila hakukui polepole, kunakuja kwa dakika. Kwa hiyo kwenye karatasi ya boila yenye uaminifu lazima iandikwe wazi kwamba sehemu kubwa ya hatari ya hiki chombo haipunguzwi na ukaguzi, inapunguzwa na mtu wa zamu, glasi za maji mbili zinazosomeka, na ile swichi ya kuzima moto maji yakishuka, ijaribiwe kila zamu kwa kushusha maji kweli na kuona moto unazima, sio kutiki kwenye daftari. Mtu akikuletea mpango wa RBI wa boila usio na sehemu hiyo mrudishie.

MamaBoila

asante. sisi tunajaribu asubuhi tu. usiku hatujaribu. nitasema nao

na maji mnatumia ya ziwa au kisima? sie ya ziwa, magamba sio mengi ila mwaka juzi tulipofungua ndani tukakuta vishimo vishimo kwenye mirija kama ndui

MzeeWaGeji

Maji ya ziwa sio magumu, ndio maana magamba machache, lakini hewa imo. Vishimo kama ndui ni oksijeni. Pasha moto tangi la maji ya kulishia kabla hayajaingia, hewa itoke, na dawa ya kula oksijeni iwepo. Blodauni (kumwaga maji machafu ya chini ya boila) usikate.

GerejiMabatini

Mimi nina mtungi wa upepo lita 500 wa kujazia matairi, niliununua mtumba, fundi kaniambia niupime kwa kuujaza upepo mpaka usome 15 kama haujapasuka basi mzima. Naona mko na wataalamu hapa, ni sawa?

FundiBaridi

HAPANA mkuu. Jaza maji mpaka juu, toa upepo wote, halafu pandisha presha kwa pampu ya mkono. Maji hayabanani, likipasuka linamwaga tu. Upepo umebanwa kama springi.

MzeeWaGeji

Kamjibu vizuri. Kwa kuongezea tu, lita 500 za upepo kwenye ba 10 (ba ni kipimo cha presha) zimebeba nguvu karibu sawa na gramu 150 za baruti ya TNT. Hiyo ndiyo unayokaa nayo pembeni ukila chipsi. Fungua koki ya chini kila jioni umwage maji, kutu ya mtungi wa upepo inaanzia tumboni kwa ndani huko maji yanakolala, rangi ya nje haikuambii chochote. Na huo wa mtumba hauna sahani ya mtengenezaji yenye presha yake? Kama haina, mimi nisingeuweka kazini.

GerejiMabatini

Sahani ilishang'olewa.

MkaziWaUfukweni

Jamani mnaongelea vyombo tu na watu wa nje je. Sisi tunaokaa karibu na viwanda vya samaki harufu ikitoka mchana inakuja kwetu, usiku wanaipata wavuvi wa dagaa. Mnaiweka hiyo kwenye karatasi zenu?

FundiBaridi

Mkuu hilo sikuwa nimelifikiria kabisa ila ni kweli, mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Nitaandika madhara mara mbili, ya mchana na ya usiku. Nyuma yetu kuna njia ya wanafunzi.

Wakuu nimejaribu kujaza upya, angalieni. Risiva kubwa: madhara makubwa sana (amonia karibu yote inakaa humo tukisimamisha mitambo, na mchana kondensa ikifika digrii 35 geji inasoma kama ba 12 na nusu), uwezekano wa kati kwa sababu nyufa hazijawahi kutafutwa. Nilifanya na hesabu ya kutu, ilikuwa milimita 12 ikiwa mpya, miaka 9 imepita, kipimo cha chini kabisa nilichopata ni 10.2. Imekula 1.8, yaani 0.2 kwa mwaka. Kikomo chake ni 8, kwa hiyo imebaki miaka 11.

MzeeWaGeji

Hesabu safi. Lakini usimwambie bosi miaka 11 ataisikia kama likizo. Kanuni ya API 510 kwa ukaguzi wa ndani ni nusu ya maisha yaliyobaki au miaka 10, kinachotangulia. Nusu ya 11 ni miaka mitano na nusu. Na hiyo ni kutu tu. Nyufa hazina hesabu hiyo, inabidi kuangalia mishono kwa sumaku na unga wa chuma ukishapata nafasi ya kuifungua, na ukimaliza utoe hewa yote kabla ya kurudisha amonia, la sivyo utakuwa umeingiza ugonjwa wakati ukipima.

Chila umeiwekaje?

FundiBaridi

Chila nimeweka ndogo. Haina amonia nyingi.

MzeeWaGeji

Futa. Mji wa Fernie huko Kanada, tarehe 17 Oktoba 2017, kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu, watu 3 walikufa kwa amonia. Kisa kilianza na mrija wa chila uliotoboka katundu kadogo, amonia ikavujia kwenye maji ya chumvi upande wa pili. Kinachoniuma ni kwamba uvujaji ulishaonekana miezi kadhaa kabla, na chila ikarudishwa kazini. Wewe kagua maji ya chila kila wiki kwa karatasi ya kupimia tindikali, amonia ikiingia rangi inageuka. Ni ukaguzi wa bei ya soda na unashusha hatari kuliko rangi yote mnayopaka.

Halafu nakuuliza jambo moja. Mabomba yako wapi kwenye hiyo karatasi?

FundiBaridi

Karatasi ya bosi ina matangi tu mzee.

MzeeWaGeji

Nilijua. Nenda kwenye bomba la blasti friza, sio lile ambalo lina barafu mwaka mzima, hilo limeganda na kutu inahitaji maji ya kimiminika. Tafuta lile linalopitisha gesi moto wakati wa difrosti (kuyeyusha barafu ya friza), linaganda linayeyuka linaganda linayeyuka, limevaa koti, na koti lina tundu. Kutu chini ya koti inapenda chuma kilicho kati ya digrii 12 chini ya sifuri na 175, na inapenda zaidi kile kinachopanda na kushuka humo. Tafuta mahali mafundi wanapokanyaga kupanda juu.

SatoMzima

Mzee anaongea kama mganga, "kuna bomba, limevaa koti". Nasubiri majibu.

FundiBaridi (siku nne baadaye)

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Nilienda Jumamosi difrosti ikiwa imeisha, mimi na kijana mmoja, tukafuata bomba la inchi 4 la friza namba tatu mpaka juu ya dari. Karibu na valvu bati la aluminiamu lilikuwa limebonyea, ndipo watu wa umeme wanapoweka mguu, na mshono wa bati umeachia kama upana wa kidole. Nikafungua. Lile povu lilikuwa limelowa unalikamua kama sponji la kuoshea vyombo, maji ya kahawia yakanitiririkia mpaka kwenye kwapa. Chini yake kutu imevimba matabaka matabaka kama chapati, nikaikwangua kwa upole na kikwanguo cha mbao (mzee ulinionya inbox nisigonge nyundo bomba lenye presha, asante, maana nyundo nilikuwa nayo mkononi). Nikapima. Futi mbili pembeni 5.9, 5.8, ambayo ndiyo karibu na mpya, likiwa jipya ni 6. Pale kwenye valvu kwa chini: 4.1, 3.3, 2.7.

Kijana akasema tuendelee kukwangua tuone. Nikamwambia shuka.

MhasibuNyakato

Uongo! 2.7?? Lakini subiri, presha yenyewe inahitaji unene gani?

FundiBaridi

Ndio swali alilouliza bosi pia, na jibu lake ndilo lilitaka kutuua. Kwa presha peke yake bomba la inchi 4 milimita moja inatosha. Lakini bomba halibebi presha tu, linabeba uzito wake, valvu, barafu, mtikisiko wa gesi moto ikipiga, na fundi wa umeme wa kilo 90 aliyesimama juu yake. Na 2.7 ndio sehemu niliyoweza kuifikia, upande wa ukutani probu haikuingia.

Tumetenga friza namba tatu, tumevuta amonia yote kurudi risiva, valvu zimefungwa kufuli. Bosi alinuna siku moja nzima kwa sababu ya tani za samaki ambazo hazikuganda, tukahamishia friza nyingine kwa zamu.

MamaBoila

kaka mungu kakuweka. na lile bomba halikuwa hata kwenye karatasi

FundiBaridi

Halikuwepo dada. Sasa karatasi mpya ina mistari 61, matangi 23 na mabomba 38, kila mstari una kinakufaje, nani ataumia mchana, nani usiku, na tumeangalia lini kwa kifaa gani. Mitungi ya upepo imeshuka, tumebaki na ukaguzi wa sheria na kumwaga maji kila siku, hapo bosi kapata siku zake mbili za uzalishaji alizozitaka. Zimeenda zote kwenye kufungua makoti.

Swali la mwisho mzee, kesho saa 12 asubuhi tunakata hicho kipande, nianze wapi?

MzeeWaGeji

Usikate ulipopima 2.7, huwezi kuchomelea chuma chembamba. Rudi nyuma mpaka upate 5.5 mzunguko mzima, juu, chini na pembeni, pande zote mbili za valvu. Hakikisha ndani hakuna amonia iliyobaki, hewa yenye amonia asilimia 15 hadi 28 inashika moto, na wewe unakuja na cheche. Bomba jipya lipake rangi kabla ya kulivalisha koti, na mishono ya koti izibwe mvuke usipenye, vinginevyo baada ya miaka michache mwenzako ataanzisha uzi kama huu. Weka na ngazi ya watu wa umeme waache kukanyaga.

Kile kipande cha zamani usikiuze chuma chakavu. Kikate urefu wa ndani kionekane, mpelekee bosi.

FundiBaridi

Imeisha wakuu, friza namba tatu inapiga kazi tangu juzi usiku. Kipande kipo mezani kwa bosi. Nilidhani atakasirika, leo nimepita nikakuta ameweka kalamu zake ndani.